Moto Juu ya Kifuniko

Kwako Kaka,

Nakusalimu kwanza, kwa kuwa sisi wawili tulifunzwa na mama mmoja kwamba barua isiyoanza kwa salamu ni sawa na mtu anayeingia chumbani mwa watu bila kubisha hodi. Natumaini u mzima, nyumba yako haijambo, na kazi yako ya kusimamia ghala inaendelea bila mzigo kupotea. Mimi sijambo wa mwili. Mama naye ni mzima. Neno hilo la mwisho nimeliandika kwa makusudi, na nakuomba ulisome mara ya pili kabla hujaendelea.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ilhali tunaishi mji mmoja na sote tuna simu. Sababu ni nyepesi. Simu zangu unazikata kabla sijamaliza sentensi ya pili, ukidai kwamba mimi sizungumzi bali nahutubia. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, lakini ili uichane itakubidi kwanza uishike, na mtu wa tabia yako hawezi kushika karatasi bila kutupa jicho kuona ametukanwa wapi. Basi nakurahisishia kazi: umetukanwa kuanzia aya inayofuata.

Jumamosi mkeo alifika hapa asubuhi na pikapu ya ghala pamoja na dereva wako. Chai aliyowekewa hakuigusa. Alimwambia Mama, kwa sauti ile ya muuguzi anayezungumza na mgonjwa kiziwi, kwamba ameletwa na upendo, kwamba chumba cha Mama huko kwenu kimeshapakwa rangi, na kwamba nyumba hii itatafutiwa mpangaji mstaarabu. Mama alimwuliza ni nani aliyesema anahama. Shemeji akajibu kuwa familia imeshaamua. Mama akatazama huku na huku sebuleni, akainama kidogo hata chini ya kochi, kana kwamba anaitafuta hiyo familia ilikojificha, kisha akasema: "Loo, mimi nilidhani familia ndiyo mimi."

Alipokataa kupanda gari, walichukua jiko. Nataka uione picha hiyo, kwa sababu uliiagiza lakini hukuwapo kuitazama. Ni lile jiko la gesi lenye oveni, ambalo ndani yake ziliokwa keki za harusi za nusu ya mtaa huu, na ambalo ndilo lililokuvisha viatu vya shule wewe kabla yangu. Dereva aliliinua upande mmoja, akalitua, akamwomba Mama radhi, akaliinua tena. Mama alimshikia mlango. Ndiyo, alimshikia mlango, akamwonya asijigonge kwenye kizingiti, maana mgeni ni mgeni hata akiwa anakuibia. Wakati huohuo mkeo alikuwa makabatini akikusanya visu, viberiti, chupa ya mafuta ya taa na chochote kilichokuwa karibu navyo, akivishindilia ndani ya katoni moja, ati kwa usalama. Katoni yenyewe akaisahau nyuma ya mlango. Huyo ndiye mlinzi wa usalama uliyetuletea.

Mimi, kama unavyotarajia, nilikuwa nikibishana. Nilimwuliza shemeji ni kwa mamlaka gani anahamisha mali ya mtu mzima, aliye hai, mwenye akili timamu. Akanijibu kwamba hilo la akili timamu ndilo linalojadiliwa. Kisha akanifikishia salamu zako: kwamba shahada yangu haijawahi kuchemsha hata birika la maji. Dereva aligeukia ukutani ili nisimwone anavyocheka. Nimemsamehe, kwa kuwa sentensi ni nzuri, na ningependa kujua ni nani aliyekutungia.

Sasa tuzungumze hoja yako, maana mimi si mtu wa kukimbia hoja ya mpinzani. Nakiri kwamba ina miguu. Ni kweli keki ziliungua, si mara moja. Ni kweli fundi cherehani, jirani yetu, aliwahi kuingia kwa kupitia dirishani, akamkuta Mama sebuleni anachambua mchele kwa utulivu huku moshi ukitambaa darini juu ya kichwa chake. Ni kweli pia kwamba siku moja nilirudi nikaikuta gesi inavuja kwa mlio, upepo ulikuwa umezima moto, na Mama amesimama hapohapo anakata vitunguu huku kiberiti kikiwa mezani. Habari hiyo nilikupa mimi mwenyewe. Kutoka hapo ukahitimisha kuwa Mama anasahau, kwamba akili zinamwondoka kama zilivyomwondoka marehemu bibi, na ukaitisha vikao vya simu: wewe, mkeo na shangazi. Kila mtu alipewa nafasi ya kusema isipokuwa mwenye akili zinazosemwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mama alikuwapo, Kaka. Alikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

Katika vikao hivyo mkakubaliana jambo moja, ambalo mkeo alilirudia mbele yangu na mbele ya dereva ili baadaye pasiwe na ubishi: kwamba shangazi angekuja Jumapili kumtazama Mama kwa macho yake, na neno lake lingekuwa la mwisho. Akisema Mama anajiweza, jiko lingerudi naye angebaki kwake. Akisema hajiwezi, gari lingekuja tena Jumamosi hii, na safari hii lisingeondoka bila yeye. Wewe mwenyewe usingefika, kwa sababu mlikuwa na hesabu ya ghala. Mtu anayehesabu magunia siku ambayo mama yake anapimwa akili ana mpangilio wake wa mambo, na mimi siuelewi.

Jumapili asubuhi Mama alitangaza kwamba wifi yake hatapokewa kwa chai kavu. Nilimkumbusha kuwa hatuna oveni, nikajitolea kukimbia dukani kununua biskuti. Akanitazama kwa huruma. Aliniambia kwamba mwanamke anayetuhumiwa kupoteza akili hawezi kuonekana anaagiza biskuti za dukani, kwa maana hiyo itakuwa ndiyo saini ya kukubali kosa. Tukakagua kilichokuwapo. Kulikuwa na ndizi mbivu zilizopiga madoa meusi, nusu ya nanasi, ndimu zilizoanza kunyauka, sukari, unga wa ngano kidogo chini ya kopo, na siagi. Mama akasema vinatosha: matunda yatakaa chini, juu yake mkate wa juzi uliochambuliwa na kupakwa siagi, na vyote vitaokwa ndani ya sufuria nzito, makaa machache chini na makaa mengi juu ya kifuniko. "Kabla ya gesi watu walikuwa wanakula," alisema. Akaenda kibaraza cha nyuma kuwasha jiko la mkaa, na mimi nikatumwa kutafuta mkate.

Mkate ulikuwa ndani ya ile katoni ya mkeo. Nilipoifungua, harufu ilinipiga usoni kama kofi. Kizibo cha chupa ya mafuta ya taa kilikuwa kimelegea, katoni ilikuwa imelowa, na mkate ulikuwa umekunywa ulivyotaka. Kabla sijafungua kinywa, Mama aliupokea mkononi mwangu. Akanyanyua kipande puani, kama alivyonusa kila mkate, kila maziwa na kila shati letu tangu tukiwa watoto, akafumba macho kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema bado mzuri. Kisha akaanza kuuchambua ndani ya bakuli.

Nakuambia kwa unyofu kwamba dakika hiyo nilidhani umeshinda. Nilimwambia kwamba mkate unanuka mafuta ya taa hadi mtaa wa pili. Akanijibu kwamba shule iliniharibu, kwamba watu waliosoma wananuka vitu visivyokuwapo. Nikashikilia msimamo wangu, unanijua. Akanyanyua kipande tena, akakiweka puani kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo nilipouona uso wake vizuri. Haukuwa uso wa mtu aliyesahau. Mtu aliyesahau huwa haogopi.

Nilichofanya baadaye kilikuwa utovu wa adabu, lakini kilikuwa na mantiki. Nilichukua kitunguu kilichokatwa na ndimu iliyokatwa, nikavifunika kila kimoja kwa kitambaa, nikamwomba afumbe macho aniambie kipi ni kipi. Alinipiga mkono, ndimu ikabingirika hadi uvunguni mwa meza, akaniambia kwamba mtoto aliyetoka kwake bila hata jino moja hatamfanyia yeye mtihani. Akakaa juu ya kigoda. Akapangusa mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu. Kisha akasema, akiyatazama makaa na si mimi, kwamba hanusi. Tangu aliposhikwa na yale mafua makali, hajanusa kitu. Hanusi ndizi, hanusi moshi, hanusi gesi, hanusi hata kichwa cha mtoto mchanga akipewa ambebe. Alikwenda zahanati, wakamwambia angoje, huenda pua itarudi. Amengoja.

Hebu sasa tumia akili uliyojaliwa. Lini katika maisha yako ulimwona Mama akitazama saa akiwa anaoka? Mimi sijapata kuona. Nyumba hii haikuwa na dakika jikoni. Tulipokuwa wadogo hatukuuliza keki imebakiza muda gani. Tuliuliza kama harufu imefika mlangoni. Akifua nguo alijua, akizungumza na mteja getini alijua, angesimama katikati ya neno na kwenda kuepua. Pua ilipokufa alibaki hana saa wala pua, na aliona haya, kwa umri wake na jina lake mtaani, kuanza kukodolea saa ukutani kama msichana anayejifunza kupika chapati. Akajaribu kubahatisha. Hizo ndizo keki zilizoungua. Huo ndio moshi wa darini. Hiyo ndiyo gesi. Kila ushahidi uliouwasilisha mbele ya shangazi ni wa kweli, na hitimisho lako ni la uongo mtupu, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki angekueleza bure.

Nilifurahi, usishangae. Nilimwambia kwamba kesi imekwisha, kwamba shangazi akifika tutamweleza neno moja tu na jiko litarudi jioni. Mama akanishika kifundo cha mkono na kunitaka niape kwamba sitamwambia mtu. Nilibisha. Nilimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali alinifundisha yeye, nisimrudishie. Alinipa sababu yake, ambayo nitaiweka mahali pake. Nikaapa.

Basi mkate tukautupa. Mama aliumimina unga wote uliobaki ndani ya bakuli, akaukatia siagi, akaanza kuisugua kwa ncha za vidole tu, viganja vikiwa juu, mpaka unga ukawa chenga kama mchanga uliopata mvua kidogo. Mimi nilimenya ndizi na kukata nanasi. Aliniambia kwamba ninakata nanasi kama mtu anayelipiza kisasi. Alikamulia ndimu, akanyunyiza sukari, akayatandaza matunda ndani ya sufuria iliyopakwa siagi, akazimwaga chenga juu bila kuzikandamiza, kwa maana zikikandamizwa zinakuwa tofali. Akafunika. Akapanga makaa juu ya kifuniko moja moja kwa koleo.

Nilipendekeza saa. Akasema kwa oveni pengine, lakini makaa hayajui saa: leo yana hasira, kesho yamelala. Kwa hiyo ingebidi pua iwe yangu. Alinifundisha kwa haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwanza, alisema, itakuja harufu ya nanasi, kali, yenye kelele nyingi, hiyo niipuuze. Kisha itakuja ndizi, nzito na tamu. Nayo niiache ipite. Ya tatu ni siagi na sukari zikishapatana, harufu kama ya karanga zinazokaangwa nyumba ya pili. Hapo ndipo nimwite. "Ukiingoja ya nne," alisema, "mwite fundi cherehani." Tukapatana kwamba wageni wakiwapo sitasema harufu. Nitauliza tu kama nimletee maji.

Shangazi aliingia na mkeo nanasi likiwa ndiyo kwanza linaanza kelele zake. Mama alikaa nao sebuleni kama mwenye nyumba anavyopaswa, nami nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nikijifanya nasoma. Unamjua shangazi, hajui kuzunguka. Alimwuliza Mama leo ni siku gani. Mama akajibu kuwa ni siku ya wageni kuja mikono mitupu. Shangazi akacheka mpaka akavua miwani. Akamwuliza tena kama anakumbuka marehemu kaka yake, yaani baba yetu, alikuwa anapenda nini zaidi. "Kunituma," Mama alisema. Shangazi akapiga paja na kumwambia mkeo kwamba huyu hajaharibika, huyu amekuwa mkali zaidi. Mkeo alitabasamu kwa meno tu.

Ndizi ikaja ikapita. Nilikaa pale nikiwa nimefumba macho nyuma ya kitabu, nikinusa kama mbwa wa polisi, na ilipofika ile ya karanga sikuamini kwamba imefika, nikanusa tena kuhakikisha, kisha nikasema kwa sauti: Mama, nikuletee maji? Akasimama. Akatoka nyuma, akakung'uta makaa kutoka kwenye kifuniko, akafunua. Pembeni matunda yalikuwa yanatokota yakitoa asali yake mwenyewe, na juu chenga zilikuwa zimeshika rangi ya ukoko wa mkate. Sitakueleza utamu wake, kwa sababu hukuwapo na hustahili. Nitakuambia tu kwamba shangazi alimaliza, akarudisha sahani ijazwe, kisha akaomba sufuria yenyewe na kijiko. Akiwa anakwangua pembeni alitoa neno lake. Alisema mwanamke anayeweza kutoa kitu hiki kwenye ndizi zilizooza na jiko la mkaa hana ugonjwa wa akili, na aliyelichukua jiko lake alirudishe.

Ilikuwa imekwisha, Kaka. Neno la mwisho lilikuwa limetamkwa. Kisha mkeo akaweka sahani yake mezani, taratibu, akauliza: "Na yale maji?"

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Akaeleza. Alisema nilimwuliza Mama kama anataka maji, Mama akasimama papo hapo akaenda motoni, na maji hayakuletwa mpaka dakika ile wala hakuna aliyeyadai. Alisema hahitaji shahada kuona kwamba Mama alipewa ishara, na kwamba bila mimi pale mlangoni tungekuwa tunakula masizi. Nitakuwa mwadilifu hata kwa adui: alikuwa na jicho. Shangazi alikishusha kijiko. Akamgeukia Mama na kumwuliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, kama ni kweli hakujua kwamba chakula kimeiva.

Sentensi moja ingemwokoa. Sinusi, wifi. Maneno mawili, na nyumba ingebaki yake. Mama alinitazama, na macho yale yalinifunga mdomo. Mimi, ambaye hujawahi kuninyamazisha hata kwa ngumi. Kisha akamtazama shangazi akasema: "Nilisahau."

Shangazi alifuta miwani yake. Aliposimama alimkumbatia Mama kama mtu anayeaga msibani, akasema kwamba basi, Jumamosi gari lije, na kwamba ni kwa wema wake. Mkeo alichukua mkoba. Walipoondoka Mama aliosha sahani, akaifuta sufuria, akaniambia nisianze.

Sasa naifikia ile sababu. Nilimwuliza asubuhi ile, akiwa juu ya kigoda, kwa nini afadhali aitwe mpungufu wa akili kuliko kusema pua yake imekufa. Akanijibu kwa kuniuliza mafua yale aliyapata wapi. Nami nikakumbuka. Aliyapata kwako. Ni wiki ile ambayo mkeo alisafiri, watoto wote wakawa wanakohoa, nawe ukapiga simu ukisema huwezi kuacha kazi, Mama afanye hima aje. Alikuja. Aliwalaza juu ya kifua chake, mmoja baada ya mwingine, akawakamulia pua, akawafuta homa kwa kitambaa cha maji, wakamkoholea usoni mpaka wakapona. Alirudi hapa anawaka kama tanuri, akanikataza kukupigia simu kwa kuwa una majukumu. Homa iliondoka. Pua haikurudi.

Alisema: "Mama akisahau, huo ni uzee, hakuna wa kulaumiwa. Lakini kaka yako akijua kwamba niliipoteza nikilea wanawe, huyo ana moyo mwepesi, atalibeba mpaka kaburini." Ndivyo alivyokuelezea, mwenye moyo mwepesi. Yuko tayari kuiacha nyumba yake, jina lake, hata sifa ya akili zake, akalale kwenye chumba ulichompakia rangi, akisemeshwa na mkeo kwa sauti ya kiziwi mpaka siku ya mwisho, ili wewe tu usijisikie vibaya.

Niliapa, na sasa nimevunja kiapo. Sijutii. Mama anakuonea huruma, mimi sikuonei. Nataka ujue, na nataka ulibebe, hata kama ni kwa umbali wa kutoka ghalani hadi hapa. Kiapo changu kilikuwa kwa ajili ya utulivu wako, na sioni kwa nini utulivu wako upewe kipaumbele mbele ya mlango wa nyumba ya Mama.

Hatari ninaijua kuliko wewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeikuta ile gesi. Mtungi utakaa nje ya dirisha, nami nitaufunga kwa mkono wangu kila tukimaliza kupika. Saa nimeshaitundika jikoni. Anajifanya haioni, lakini jana nilimsikia akimwuliza fundi cherehani mshale mrefu ukifika wapi ndiyo nusu saa kamili, kama vile anauliza kwa niaba ya mtu mwingine. Zingatia ulichofanya: kwa makaa saa haisaidii kitu, kwa oveni inasaidia. Umekwenda kumnyang'anya chombo kimoja tu ambacho angeweza kukitumia bila pua, ukakiita hicho ulinzi.

Kwa hiyo Jumamosi uje wewe. Usimtume mkeo, usimtume dereva, usije na shangazi. Uje na jiko. Litakuwa zito na litakuumiza mgongo, na Mama atakushikia mlango. Usimwambie kwamba unajua mpaka yeye mwenyewe akuambie, na asipokuambia, kaa nalo. Ukileta gari tupu la kumpakia, utanikuta kizingitini, na siku hiyo sitakuja na hoja.

Barua hii naiweka mikononi mwa fundi cherehani, anayeleta ghalani kwako sare za vibarua keshokutwa. Nimemwagiza asiondoke mpaka aone umeifungua.

Nisalimie shemeji, mwambie jicho lake ni zuri na alitumie vizuri zaidi. Mama yupo hapa mezani, anachambua mchele. Ameniuliza namwandikia nani kwa uso uliokunjamana hivi, nikamwambia ni wewe. Amesema nikupe salamu zake nyingi, nikuambie asubuhi za siku hizi zina ubaridi, na nikuulize kama kikohozi cha watoto kilikwisha kabisa, kwa maana aliwaacha bado wanakohoa kidogo. Anangoja nimwandikie swali hilo. Nimeliandika. Njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.